Kwapa la Kushoto

Mume wangu alikuwa na ngumi nzito yenye tabia mbaya ya kupiga hodi. Maneno hayo si yangu, ni ya kaka yangu mkubwa aliyekuwa akimfundisha, na sikuyapenda, lakini yalikuwa kweli. Kabla mkono wa kulia haujaenda mbele, kiwiko kilirudi nyuma kwanza, kidogo tu, kama cha mtu anayevuta droo iliyokwama. Mpinzani akishakiona kiwiko alipata nafasi ya kuinama, kusogea na kujibu. Na wote walijibu kichwani.

Alikuwa ameshindwa mapambano kadhaa mfululizo, na lile la mwisho alitoka ulingoni amebebwa. Tangu hapo nikaanza kuona vitu. Alibandika maji ya chai, akaenda kukaa nje, sufuria ikaungua hadi ikatoboka. Alimuuliza binti yetu kama amekula, na kabla mtoto hajamaliza kujifuta mdomo, baba akamuuliza tena. Siku moja nilimpelekea chakula gerejini nikamkuta amenyoosha mkono kwa mwenzake, anasema, "Nipe ile, ile ya kuzungushia." Alikuwa anatafuta neno bisibisi. Mtu ambaye amenyoosha bodi za magari tangu ndevu hazijaota, bisibisi imemkimbia mdomoni. Nilirudi nyumbani na vyombo vyangu bila kumuaga, maana ningefungua mdomo ningelia mbele za watu.

Nilimwambia aache ngumi. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikafungasha nguo nikaenda kwa mama yangu. Nilirudi kesho yake kwa sababu nilikuwa nawaza jiko, asije akaunguza nyumba. Jibu lake halikubadilika hata herufi moja.

"Nikishinda moja tu, nazitundika glavu," alisema. "Lakini siwezi kumaliza nikiwa nimebebwa. Niache nitoke kwa miguu yangu, mkono wangu umenyanyuliwa. Baada ya hapo nitakuwa wako, Fundi, hata ukinituma kununua uzi nitakwenda."

Fundi ni mimi, kwa kuwa nashona nguo. Na mtu huyu sijapata kumsikia akivunja ahadi, hiyo ndiyo ilikuwa taabu yangu. Nikiomba ashindwe, ninaomba apigwe. Nikiomba ashinde, naombea ngumi niliyoichukia kuliko kitu chochote. Nililala na kuamka na hesabu hiyo na haikutoka. Mwishowe nikapiga moyo konde: kama njia ya kumtoa ulingoni ni kushinda, basi atashinda, na mimi mwenyewe nitakuwepo kuhakikisha.

Kaka yangu, ambaye kila mtu anamwita Kocha, alikuwa bondia zamani, na bega lake moja limekufa ganzi, mkono haupandi juu ya kifua. Hakuweza kushika pedi, zile za kuvaa viganjani ili bondia apige. Zikashikwa na mimi. Tulifanyia mazoezi kwenye korido ya nyumba yetu, kati ya jikoni na chumbani, Kocha amekaa kwenye kiti cha cherehani changu akitoa amri kama bwana mkubwa. Kesho yake viganja vilikuwa vinawaka moto, mkasi siwezi kuufunga vizuri, na wateja wananiuliza mbona pindo limekwenda upande.

Somo la Kocha lilikuwa fupi na alilirudia mpaka nikaliota. Ngumi haianzii mkononi, inaanzia kwenye kisigino cha nyuma. Kisigino kinageuka kama cha mtu anayezima kipande cha sigara, kiuno kinafuata, bega linafuata, na ngumi ni abiria tu anayeshuka mwisho. Inatoka shavuni kwenda mbele na inarudi shavuni kwa njia ileile. Haiendi kwanza kusalimia watu wa nyuma.

Mume wangu alisikiliza, akaitikia, akapiga. Kiwiko kikarudi nyuma. Kocha akamsogeza akaupa mgongo ukuta, karibu kabisa, ili kiwiko kikirudi kigonge. Kiligonga. Rangi ya ukuta ikakwanguka pale palipogongwa, na jirani wa upande wa pili akaja kuuliza kwa heshima kama tunavunja nyumba au tunajenga. Kila jioni ilikuwa hivyo, na pambano lilikuwa limeshapangwa, na mimi nilimwangalia mume wangu akigonga ukuta kwa kiwiko huku amekaza meno, nikaona maji yametufika shingoni.

Nilichokijua mimi, na Kocha hakukijua, ni mashati. Mashati yote ya mume wangu huchanika mahali pamoja, kwapa la kulia kwa nyuma, pale mkono unapovutwa. Kwa miaka nimeshona viraka hapo na kunung'unika. Jioni moja, mikono inauma, nilimrushia Kocha shati moja nikamwambia atazame, huyu mtu hatangazi ngumi jioni tu, anatangaza mchana kutwa. Kocha alilishika lile shati, akalitazama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Kesho yake tulikwenda gerejini. Mume wangu alikuwa ameinama juu ya mlango wa gari uliobonyea. Alinyanyua nyundo, kiwiko kikarudi nyuma, akagonga. Akanyanyua, kikarudi, akagonga. Kila pigo lilianza na hodi ileile, kwa sababu nyundo haina namna nyingine ya kupigwa. Sisi tulikuwa tunamsihi mkono ule usahau kwa saa moja kile ulichofanya tangu asubuhi.

Kuacha kazi haikuwezekana. Wazo lilikuwa la mume wangu mwenyewe, na alilitoa huku anacheka, na ilikuwa siku nyingi sijamwona akicheka: atagonga kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia upumzike, usahau nyundo, ujifunze ngumi peke yake. Kocha alimpiga bega akamwambia, "Shemeji, kumbe kichwa bado kipo." Mimi nilipika vizuri siku hiyo.

Gerejini walimcheka mpaka wakachoka. Mwenye gereji alisema magari yanaondoka na mabonyeo mengi kuliko yaliyokuja nayo, akampa kazi ya milango ya nyuma isiyotazamwa sana. Mume wangu alikuwa na uso mkavu. Aligonga kwa kushoto, akajigonga vidole, akaendelea. Na jioni, kwenye korido, kiwiko cha kulia kikaanza kutulia. Kwanza kiligusa ukuta badala ya kuugonga. Halafu kikaupapasa. Halafu nikawa nasubiri kusikia mkwaruzo na sisikii kitu.

Kuna jioni moja sitaisahau. Nilikuwa nimeinua pedi, nimetoa macho nimngoje, na ghafla kiganja changu kikawaka kabla sijaona chochote. Sikumwona akianza. Mkono ulikuwa shavuni, na sasa uko shavuni tena, na katikati kiganja changu kimeumia. Kocha alisimama kutoka kwenye kiti. Nililia, kwa maumivu na kwa furaha, sijui lipi lilitangulia. Mume wangu akaniuliza kwa wasiwasi, "Nimekuumiza, Fundi?" Nikamwambia arudie hivyohivyo.

Wiki ya pambano nilikaa kwenye cherehani kushughulikia nguo za nyumbani. Nikachukua shati lake la kazi, nikaligeuza kwapa la kulia, mshono mzima. Nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Kisha nikaligeuza upande wa pili nitafute kifungo kilichokatika, na kidole changu kikapenya.

Kwapa la kushoto lilikuwa limechanika. Kwa nyuma, mahali palepale.

Nilichukua shati la pili, nikachukua na ovaroli. Kushoto, kushoto. Nilimwita, nikavaa pedi, nikamwambia anipigie kushoto tu, ile ngumi fupi ya kupimia mtu ambayo miaka yote ilikuwa safi na hakuna aliyeihangaikia. Akapiga. Kiwiko kilirudi nyuma, wazi kabisa, akagonga pedi kama anagonga mlango wa gari. Hodi haikuwa imekufa, ilikuwa imehama chumba. Yeye mwenyewe hakujua, alinitazama akisubiri nimsifu.

Kocha alikuja akaona, akakaa chini sakafuni. Hakukuwa na muda wa kuufundisha mkono mwingine. Nilimvuta jikoni nikamwambia amtoe kwenye pambano, aseme ameumia, aseme lolote. Nilimshika shati, kaka yangu mkubwa ambaye sijawahi kumwinulia sauti. Mpinzani tuliyepewa walimwita Kinyozi, na kweli kazi yake ni kunyoa, kijana aliyezoea kutazama watu kwenye kioo mchana kutwa, hakuna kinachompita machoni. Ataisoma kushoto kabla kengele ya kwanza haijaacha kulia.

"Mdogo wangu," Kocha alisema, "nikimtoa mimi ataingia na mtu mwingine. Unamjua. Afadhali aingie na sisi."

Alichungulia koridoni, akautazama ukuta uliokwanguka. Halafu akasema kwamba kama kushoto inapenda kutangaza, basi itangaze uongo. Kinyozi akiona kiwiko cha kushoto kimerudi atainama kuikwepa ngumi, na akiinama kichwa chake kitakwenda upande wetu wa kulia. Ngumi ya kushoto isije kabisa. Ije kulia, isiyopiga hodi.

Ilikuwa hila nzuri. Ubaya wake ni kwamba ilihitaji mtu wa kuikumbuka. Tulimweleza, akaelewa, akaifanya vizuri mara mbili tatu, na asubuhi iliyofuata aliniuliza kwa nini tunafanya mazoezi ya kushoto. Tukamweleza upya. Akaelewa upya. Nilimwambia Kocha ninaogopa, akaniambia na yeye anaogopa, na hatukulizungumza tena.

Pambano lilikuwa alasiri, kwenye ukumbi wa viti vya plastiki na feni moja inayozunguka ikijivuta. Niliruhusiwa kukaa kwenye kona yetu kama mbeba ndoo. Nilimpaka mafuta usoni, kwenye nyusi na mashavu, na uso ule niliukumbuka ulivyokuwa tulipokutana mara ya kwanza, mwembamba na usio na makovu. Alinikonyeza. Mashabiki walikuwa wanaita jina lake la ulingoni, Nyundo, na kila walipoita nilitamani kuwanyamazisha.

Raundi ya kwanza alipiga kushoto za kweli. Kinyozi aliziona zote. Aliinama, akasogea, akajibu, na kila alipojibu mimi nilifumba macho halafu nikayafumbua haraka, kwa kuwa kutoona kulikuwa kubaya zaidi. Kwenye mapumziko Kocha alimnong'oneza: vuta kushoto, usipige, piga kulia. Aliitikia kwa kichwa. Raundi ya pili akarudia vilevile. Ilikuwa kama hajaambiwa kitu, na damu ilianza kumtoka puani.

Raundi ya tatu alipigwa ngumi moja ya pembeni ya kichwa ambayo niliisikia kabla ya watu kupiga kelele. Miguu yake ilicheza. Hakuanguka. Nilishika taulo, nikasimama, na mwili wangu wote ulikuwa unaniambia nilirushe ulingoni yaishe. Lakini nikilirusha hajashinda, na asiposhinda atarudi hapa tena, na mara nyingine tena. Kengele ikaniokoa, au ikaniadhibu, mpaka leo sijui.

Alikaa kwenye kigoda akinitazama kwa adabu, kama mtu anayejaribu kukumbuka tulionana wapi. Kocha alianza tena: vuta kushoto, usipige. Macho ya mume wangu hayakushika chochote. Maneno yalikuwa yanamwagika kama maji kwenye ile sufuria yetu iliyotoboka. Nikamsukuma kaka yangu pembeni, nikamshika mume wangu uso kwa mikono miwili.

"Nyanyua nyundo," nilimwambia. "Usigonge. Umesikia? Nyanyua nyundo ya kushoto, usigonge. Kisha kulia."

Kitu kikawaka machoni mwake. Mtu anaweza kupoteza bisibisi, lakini nyundo alikuwa nayo bado.

Aliingia. Kinyozi alimsogelea bila wasiwasi, mikono imelegea, anataka kumaliza kazi aende zake. Nikaona kiwiko cha kushoto kinarudi nyuma, kirefu, cha uwazi, hodi ya kusikika nyumba ya tatu. Kinyozi akainama kwa ustadi kukwepa ngumi ambayo haikuja. Kisigino cha mume wangu kikageuka. Sikuiona ile ngumi, na nilikuwa nimeikodolea macho. Niliona tu Kinyozi amekaa chini, miguu mbele, anamtazama mwamuzi kama anataka kuuliza ni nani aliyeingia.

Mwamuzi alihesabu akamaliza. Mkono wa mume wangu ukanyanyuliwa. Watu walipanda juu ya viti, Kocha alinikumbatia kwa mkono wake mmoja mzima, na mimi nililia kwa sauti bila aibu yoyote. Imekwisha, nilikuwa najiambia. Nimempata. Alishuka ngazi za ulingo kwa miguu yake, kama alivyotaka.

Chumbani mwa kubadilishia nguo nilikuwa nakata bendeji za mikono yake kwa mkasi wangu wa kazi. Alinitazama nikikata. Sauti yake ilikuwa ndogo na ya kuomba radhi.

"Nisamehe, mke wangu," alisema. "Nimepigwa tena, eti?"

Mkasi ulisimama. Nilimwambia ameshinda. Kocha akamwambia ameshinda. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kwa huruma, jinsi mgonjwa anavyowatazama ndugu wanaomwambia ana nafuu.

Daktari alisema apumzike, asiguswe kichwa tena maisha yake yote. Kumbukumbu ya siku ile, alisema, pengine itarudi, pengine haitarudi. Nyumbani Kocha alimwonyesha pambano kwenye simu, kijana mmoja alikuwa amelirekodi. Mume wangu alitazama mpaka mwisho, akaomba arudishiwe nyuma, akatazama tena. Hakubisha.

"Namwona," alisema. "Ni mimi. Lakini sikuwepo. Hapo ni kama naangalia jirani ameshinda." Akairudisha simu taratibu. "Ahadi yangu ni ileile, Fundi. Ni moja tu. Lakini niwepo."

Nilikwenda chumbani nikaufunga mlango nikang'ata kanga nisisikike. Nilikuwa nimefanya yote. Nilikuwa nimempa mikono yangu, nimeutoa ukuta wangu, nimelishika lile taulo sikulirusha, na yeye ameshinda na bado hajashinda. Wiki zilipita hivyo. Alikuwa mpole, alichukua uzi dukani nilipomtuma, akarudi na rangi siyo. Halafu asubuhi moja nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga kamba za viatu vya mazoezi. Nilimuuliza anakwenda wapi. Alisema kwa Kocha, akapangiwe mtu.

Sikubishana. Nilizitoa pedi kwenye kabati nikazivaa, nikamvalisha glavu zake na kumfunga kamba, nikampeleka koridoni nikamsimamisha akaupa mgongo ukuta, pale palipokwanguka. Alishangaa lakini alinifuata.

"Polepole," nilimwambia. "Nyanyua nyundo. Usigonge. Sasa kulia."

Kiwiko cha kushoto kilirudi nyuma. Kisigino kikageuka. Ngumi ikafika kiganjani mwangu na kurudi shavuni, laini, bila nguvu, na hata hivyo sikuona ilipoanzia. Alisimama akautazama mkono wake wa kulia kwa muda, akaugeuzageuza, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na kukitambua kuwa ni chake.

"Ndiyo hii?" aliniuliza.

"Ndiyo hii."

"Nilimpiga nayo?"

"Ulimpiga nayo, akakaa chini. Mkono wako ukanyanyuliwa. Ukashuka kwa miguu yako."

Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. Akasema hakuwa anajua kwamba ni nzuri hivi. Kisha akaninyooshea mikono yote miwili, viganja juu, nimfungue kamba za glavu. Nilizifungua. Alizitundika mwenyewe kwenye msumari nyuma ya mlango, akashika bega langu, akaniambia imekwisha, Fundi, nimemaliza. Tulikunywa chai siku hiyo kama watu wa kawaida.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye cherehani alipotoka chumbani amevaa viatu vya mazoezi. Alinisalimia vizuri, akauliza kama mtoto amekula. Halafu akaniuliza pambano lake ni lini, kwa sababu safari hii anataka kushinda aache.

Niliweka shati chini, nikaenda kabatini kuchukua pedi.